Sindano na Uzi Katika Matembezi ya Pwani



Wako katika sisi wadhanio kwamba mapumziko ni kukaa bure, na kwamba mwenye kushika kazi siku ya matembezi amejinyima raha. Sisi nasi tulikuwa katika hao. Kwa miaka mingi tumefundisha watoto Kurani hapa Kinondoni, na kila mwaka shule zinapofungwa huwachukua wanafunzi pamoja na mama zao kwenda pwani siku moja. Katika matembezi ya kwanza tuliweka sharti: asije mtu na kazi. Hapo tulikosea, na leo twaeleza kosa lile lilivyotufunza, huenda nyumba nyingine ikafaidika.

Mahali tuendapo ni Kunduchi, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya katikati ya jiji, katika wilaya yetu hii hii. Basi hufuata Barabara ya Bagamoyo hadi Mtongani, kisha hukata kulia kushuka baharini. Hapo pana ngalawa na mashua zilizovutwa mchangani, wavuvi na samaki wao, na mivinje itoayo kivuli chepesi. Ng'ambo ya maji huonekana kisiwa cha Mbudya, ambacho pamoja na Bongoyo na visiwa jirani kimehifadhiwa tangu mwaka 1975. Tena pana magofu ya msikiti wa kale, na makaburi ya Waislamu waliotutangulia.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyefiwa na mumewe, alikuwa akimleta bintiye hadi kwenye basi, akatuaga, akarudi nyumbani. Mwaka wa pili ikawa vivyo hivyo. Tukamwuliza: "Mama, bahari huipendi?"

Akacheka kidogo, akajibu: "Maalim, bahari naipenda. Lakini mimi nashona kofia, na kofia ndiyo sahani ya wanangu. Nikiiweka chini kutwa nzima, mwenyewe hataipata Ijumaa, na mimi Jumamosi sitakuwa na cha kupika."

Maneno yale yalituingia. Tulidhani sharti letu lawapumzisha watu, kumbe lilimfungia mlango yule aliyehitaji mapumziko kuliko wote. Mwaka uliofuata tuliliondoa, tukatangaza kwamba kila mwenye kazi ya mkono inayobebeka na aje nayo.

Siku ilipofika, tuliona ajabu ya mambo yanayoweza kuingia katika mfuko mmoja. Bibi mmoja alikuja na ukili wake. Ukili husukwa kwa miyaa ya mkindu. Msukaji huulowanisha mwaa kidogo usikatike, na sehemu iliyokwisha kusukwa huiviringa kama gurudumu. Ukili ukitimia urefu, ndipo hushonwa ukawa mkeka. Wasichana wawili walileta sindano za kufumia na uzi, mmoja akimfumia soksi ndugu yake mchanga. Na yule mama alikuja na kofia.

Kofia ya viua huwa na vipande viwili vya kitambaa: duara la juu, na ukanda uzungukao kichwa. Huchorwa nakshi, kisha hutobolewa matundu madogo madogo, na ukingo wa kila tundu huzungushwa uzi hata likawa jicho imara lipitishalo hewa. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Zanzibar na Lamu ni mashuhuri kwa kazi hii, na ndugu zetu wa Oman, waliochanganyika na watu wa pwani yetu kwa karne nyingi, huvaa kofia ya namna hiyo wakaiita kumma. Kazi yote hiyo haitaki meza wala umeme. Hutaka macho, subira na mahali pa kukaa.

Basi yule mama akatandika mkeka chini ya mvinje, akashona huku akitazama bahari. Punde wasichana wakamzunguka, wakamwomba awafundishe. Bintiye, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikaa mbali peke yake. Sababu tuliijua: baadhi ya wenzake humwita kwa dhihaka "mtoto wa mshona kofia", naye alikuwa akiificha kazi ya mama yake kama mtu afichaye deni.

Msichana mmoja akatoboa kwa papara, kitambaa kikachanika. Akaingiwa na hofu, kwani ile ilikuwa riziki ya watu. Mama hakumkemea. Akasema tu: "Mwiteni mwanangu. Yeye anajua kuliponya."

Binti akasita, kisha akaja. Akaushika ule mchaniko, akauzungushia uzi taratibu, akaugeuza kuwa ua ambalo halikuwamo katika mchoro. Wenzake wakanyamaza kumtazama. Hatusemi kwamba aibu yote ilimtoka siku ile, kwani aibu haiondoki kwa siku moja. Lakini wakati wa kurudi alikaa na mfuko wa mama yake mapajani, mbele ya watu wote.

Vijana wa kiume nao hawakukosa somo. Karibu nasi wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu zao, sindano ya nyavu ikiingia na kutoka upesi kuliko jicho. Mzee mmoja akawaonyesha namna ya kufunga fundo. Vijana waliozoea kudhani kwamba sindano ni kitu cha wanawake walirudi wakitazama vidole vyao vyekundu.

Baada ya sala ya Adhuhuri tuliwapeleka magofuni, na huko tuliamuru kazi zote zibaki mifukoni. Makaburini mtu huenda kukumbuka mauti na kuwaombea waliolala, wala haifai kukaa juu ya kaburi, seuze kushonea hapo. Wazee wale walizipamba nguzo za makaburi kwa vyombo vya kauri vilivyopachikwa katika chokaa, vingine vya kutoka Uchina. Msichana mmoja aliyatazama sana yale maduara. Jioni tulimwona akichora duara ndani ya duara katika daftari lake, apate nakshi ya kofia.

Sasa, kwa wanaotaka kufanya kama sisi, tuna nasaha chache tulizozipata kwa makosa yetu wenyewe.

Kwanza, tazameni mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, na siku moja au mbili baada yake, ndizo za bamvu. Siku hizo hapa kwetu maji hupwa sana kiasi cha saa nne au tano asubuhi, yakajaa kiasi cha saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Basi mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anayo nusu ya habari za bahari, wala hatatandika mkeka mahali ambapo alasiri patakuwa pa samaki.

Pili, hesabuni sindano kabla ya kazi na baada yake. Sindano iliyopotea mchangani haimgojei aliyeipoteza. Humchoma mtoto apitaye bila viatu. Zifuteni mkifika nyumbani, maana hewa ya chumvi huzitia kutu.

Tatu, chukueni kazi iliyokwisha kuanzwa, ambayo mkono waijua. Kuhesabu mwanzo wa nakshi mpya katikati ya kelele za watoto ni kutafuta ghadhabu. Kitambaa cheupe kitandikiwe kanga mapajani, na uzi ukae mfukoni. Mwaka ule upepo ulitutupia donge zima majini.

Nne, na hili ni kubwa, kazi isile siku yote. Ikiadhiniwa, sindano huwekwa. Mtoto akikuita umtazame anavyoogelea, inua macho. Aliyekwenda pwani akarudi ameona uzi tu, huyo hakutoka nyumbani.

Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikuwa mfalme, na juu ya hayo alikula kwa kazi ya mikono yake. Basi tusimwone duni mwenye kushona, wala tusimnyime bahari kwa sababu hawezi kuiacha kazi yake. Enyi wazazi, mkipanga matembezi, ulizeni kwanza ni nani mtaani asiyeweza kuja, na kwa nini. Pengine kinachomzuia ni kitu kinachoingia mfukoni.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya mama zetu, na awape vijana wetu macho ya kuithamini. Amin.