Deni la Nyumba Tulimalize Mapema



Dawa ya deni ni kulipa. Sisi wa Iyolwa, wilayani Tororo, tunaojenga nyumba ya matofali kwa mkopo, tunaweka shamba rehani. Tukishindwa kulipa, watoto watalala wapi?

Kabla ya kutia sahihi, tuulize riba inahesabiwaje. Tuseme mkopo ni shilingi 2,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, riba itafika shilingi 480,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, nasi tukilipunguza kwa mafungu sawa, ni shilingi 260,000. Katika hesabu hii ya pili, kila shilingi tunayoongeza mapema hupunguza riba ya mwezi ujao. Katika ile ya kwanza, huenda isipunguze hata senti.

Siku ya mshahara, mume na mke tukae pamoja. Tutenge kwanza fungu la deni, kisha karo, sabuni na chumvi. Muhogo na wimbi vitoke shambani. Pesa za ovataimu ziende kwenye deni, lakini tubakize akiba ya ugonjwa, tusije tukakopa tena.

Wala mke asifichwe jambo. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza kuweka rehani ardhi ya familia bila idhini ya mwenzi.

Tukimaliza kulipa, tudai stakabadhi na hati zetu siku ile ile. Umoja ni nguvu, hata nyumbani.