Baada ya upasuaji wa kupunguza uzani, kliniki ya karibu ndiyo ya kwanza kuambiwa

Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi tatu, na wagonjwa wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache. Kinachofuata ni cha maisha yote, na hakifanyiki Nairobi, Mombasa wala India walikokwenda kupasuliwa. Kinafanyika jikoni mwao Mtwapa, Malindi au Mariakani, na katika zahanati iliyo karibu nao.

Shida ni kwamba wengi hurudi kimya kimya. Kutomwambia jirani ni haki ya mgonjwa. Lakini wapo wasiomwambia hata daktari anayewatibu presha au kisukari, wala muuguzi wa kliniki ya uzazi, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Mwili uliofanyiwa upasuaji huu haupokei chakula, dawa wala pombe kama zamani. Mhudumu asiyejua hilo anaweza kutoa matibabu ambayo yangemfaa mgonjwa mwingine yeyote, yakamdhuru huyu.

Sababu za kuficha zinaeleweka. Pwani, kama kwingi nchini, mwili mnene umehesabiwa kwa miaka mingi kuwa dalili ya mtu kutunzwa vyema. Anayepungua kwa haraka husemwa: ana ukimwi, amerogwa, ndoa imemshinda. Wakijua kuwa alipasuliwa, wengine humwambia amekwepa kazi ya kufanya mazoezi. Maneno hayo hayana msingi. Unene kupita kiasi ni ugonjwa unaoandamana na kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini, na si haba nchini. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa 2022 ulionyesha kuwa takriban wanawake 45 katika kila 100 wana uzani uliozidi au ni wanene kupita kiasi. Wengi wao hawahitaji kisu. Kwa wale ambao unene umewazidi na njia nyingine zimeshindwa, upasuaji una manufaa yaliyothibitishwa. Nchini Uswidi, utafiti ulioanza 1987 umewafuatilia watu wapatao 4,000 wenye unene, nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kuwa waliopasuliwa waliishi wastani wa miaka mitatu zaidi ya wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

Kinachofanywa tumboni

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Sehemu iliyoondolewa hairudishwi. Katika ya pili, inayojulikana kama baipasi, mfuko mdogo unaokaribia ukubwa wa yai hutengwa juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kipite kando ya tumbo lililobaki na sehemu ya mwanzo ya utumbo. Zote hupunguza kiasi cha chakula na kubadilisha homoni za njaa, lakini baipasi pia hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini, vitamini na baadhi ya dawa. Kwa hiyo mgonjwa anapaswa kujua jina la upasuaji aliofanyiwa. "Nilipunguzwa tumbo" ni maelezo yasiyomtosheleza daktari wa zamu saa nane za usiku.

Wiki za mwanzo

Homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto, pumzi fupi au moyo kwenda mbio zaidi ya mapigo 120 kwa dakika mtu akiwa ametulia, ni dalili kwamba huenda mshono wa ndani unavuja. Mguu mmoja kuvimba na kuuma huweza kuwa damu iliyoganda. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni kuvuja damu. Haya si ya kusubiri kupambazuke, wala si ya kununulia dawa dukani. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, na hospitali iliyompasua ipigiwe simu akiwa njiani.

Kwa asiye na dalili hizo, dawa bora ya siku za mwanzo ni kutembea. Kuzunguka boma mara kadhaa kwa siku huzuia damu kuganda miguuni. Kubeba mtungi wa maji wa lita 20, kutwanga au kulima hakufai kwa wiki nne hadi sita. Jambo hili familia huelewa kwa shida, kwa sababu vidonda vya nje ni vidogo mno. Mama anayeonekana mzima atatumwa kisimani kabla ya wiki ya pili kuisha, hivyo ni heri mtu mmoja nyumbani aeleweshwe mapema.

Chakula huanza na vimiminika kwa takriban wiki mbili, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini, hadi kufikia chakula cha kawaida kati ya wiki ya sita na ya nane. Ratiba ya hospitali iliyompasua mgonjwa ndiyo ifuatwe. Maji hunywewa kwa kuonja, si kwa kugida, na lengo ni kufikia lita moja na nusu kwa siku. Katika joto la Februari, Malindi au Magarini, kiasi hicho ni kazi ya kutwa nzima. Ukosefu wa maji mwilini ni mojawapo ya sababu kuu za wagonjwa kurudishwa hospitalini.

Anayetumia dawa za kisukari au presha asiendelee na kipimo cha zamani bila kuonana na daktari. Sukari huanza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata uzani haujapungua sana. Mtu akiendelea kujidunga insulini ileile huku akila vijiko vichache vya uji, anaweza kuzirai. Katika jambo hili mhamasishaji wa afya ya jamii ana msaada mkubwa. Tangu 2023 wahamasishaji kote nchini wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari na presha, na wanaweza kumpima mgonjwa nyumbani kisha kumwelekeza kituoni.

Sahani ya Pwani

Protini ndiyo ya kwanza, kwa sababu nafasi ni ndogo na mwili unaopungua kwa kasi hula misuli yake wenyewe. Wataalamu wa lishe huweka lengo la angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kipande cha samaki cha gramu 100 hutoa karibu gramu 20. Pwani haina upungufu hapo: kuna samaki, dagaa, kunde, pojo, mbaazi na maziwa lala. Nazi iwe nyepesi. Mboga hufuata, na sima au wali huja mwisho, kama nafasi imebaki. Mara nyingi haibaki.

Mahamri, chapati na nyama ngumu huwatatiza wengi kwa kukwama. Kutafuna polepole na kuacha kula mara tu kifua kinapohisi kujaa huwa somo la miezi kadhaa. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiriwa nusu saa hivi.

Sukari ina adhabu yake. Soda, juisi au chai yenye sukari nyingi hupita kwa kasi hadi utumboni, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi. Ndani ya nusu saa mtu hutokwa jasho, moyo humdunda, tumbo humsokota na kumwendesha. Wengine hulemewa saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka ghafla. Anayeendesha bodaboda anapaswa kulijua hili kabla ya kufungua soda stejini.

Kisha kuna harusi na matanga, ambako kukataa sahani huchukuliwa kama kumkataa mwenyeji. Njia iliyo rahisi ni kukaribia wanaopakua na kuomba kidogo mapema, badala ya kungoja sahani iliyofurika na kuanza kujieleza mbele za watu. Kuhusu mnazi, hakuna njia ya mkato. Baada ya upasuaji pombe hufika kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi, hivyo aliyezoea vikombe vitatu hulewa kwa kimoja. Tafiti zimeonyesha pia kuwa hatari ya kuwa mraibu wa pombe huongezeka baada ya baipasi, hasa kuanzia mwaka wa pili, wakati ambapo watu wamekwisha kuacha kumfuatilia mgonjwa.

Kwa Waislamu, kufunga Ramadhani katika miezi ya mwanzo huleta hatari ya kukaukiwa na maji. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa baadaye, na daktari ndiye wa kusema lini mwili uko tayari.

Vitamini haziishi

Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka wa kwanza mtu anapungua, anasifiwa, nguo zinambwaya, anajiona amepona. Vidonge vya vitamini vinakwisha na hanunui vingine. Athari hazionekani kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka: upungufu wa damu, mifupa dhaifu, ganzi miguuni kwa kukosa vitamini B12, ganzi ambayo isipotibiwa mapema huweza kuwa ya kudumu. Mchanganyiko wa vitamini na madini, chuma, kalsiamu, vitamini D na B12 hutumiwa maisha yote, kwa vipimo anavyoandika daktari. Chuma na kalsiamu vipishane kwa angalau saa mbili, na chuma kisimezwe na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa.

Vitamini B1 inahitaji kutajwa peke yake. Akiba yake mwilini hutosha wiki chache tu. Mgonjwa anayetapika mfululizo huimaliza, na ubongo huanza kudhurika: anachanganyikiwa, anaona vitu viwiliviwili, anayumba akitembea. Mtu asiyejua atasema amelewa au amepagawa. Akifika kituoni na kutundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1, hali inaweza kuharibika zaidi, kwa kuwa mwili huitumia B1 iliyobaki kuichoma ile sukari. Sindano ya B1 ni ya bei nafuu na huokoa, lakini muuguzi hawezi kuifikiria kama hajaambiwa kuwa mgonjwa alipasuliwa. Hili ndilo jambo ambalo mume, mke au mtoto mkubwa anapaswa kulijua kwa moyo, kwani wakati huo mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kujieleza.

Vipimo vya damu hufanywa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kwa kawaida mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Wingi wa damu na sukari hupimwa katika hospitali nyingi. Vipimo vya B12 na vitamini D huenda vikahitaji sampuli kupelekwa maabara kubwa, hivyo gharama na safari vipangwe mapema.

Dukani na kliniki ya uzazi

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hununuliwa kwa urahisi katika kila soko. Baada ya upasuaji huu, hasa baipasi, huweza kusababisha vidonda vinavyovuja damu au kutoboka. Parasetamoli ndiyo hutumiwa badala yake kwa maumivu ya kawaida. Sigara nayo huchochea vidonda hivyohivyo. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila ushauri wa daktari wake.

Wanawake waliokaa miaka bila kushika mimba hujikuta wameshika, kwa sababu uwezo huo hurudi uzani unaposhuka. Ushauri ni kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, uzani utulie na vitamini ziwe sawa. Vidonge vya kupanga uzazi havitegemeki baada ya baipasi. Kipandikizi au koili hufaa zaidi. Mjamzito naye amweleze mkunga, maana kile kipimo cha sukari cha kunywa glukosi huweza kumwangusha, na zipo njia nyingine za kupima.

Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa wengi huota tena. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu huweza kuwa vijiwe vya nyongo, ambavyo hutokea uzani unaposhuka kwa kasi. Ngozi inayolegea hairudi yote, na mikunjo yake ikaushwe vizuri ili isipate ukungu. Uzani kurudi kiasi baada ya mwaka wa pili ni kawaida. Ukirudi kwa wingi, ni sababu ya kwenda kliniki, si ya kuikimbia kwa aibu.

Mgonjwa anapotoka hospitali aombe barua inayotaja aina ya upasuaji, tarehe, dawa, vitamini na vipimo vinavyohitajika, pamoja na namba ya simu ya timu iliyompasua. Nakala moja ibaki katika faili ya kliniki anakohudhuria, na picha yake iwe kwenye simu yake na ya mtu mmoja wa nyumbani. Aliyepasuliwa Uturuki aihitaji barua hiyo kwa Kiingereza, na aiombe kabla ya kupanda ndege.