Kisu kidogo mfukoni ni chombo cha kazi, si silaha

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na wenzangu kazini, nalo ni hili: mtu aliyevaa tai na kuchomeka kalamu mfukoni ana haja gani ya kubeba kisu? Swali lenyewe huulizwa kwa mzaha, lakini ndani ya mzaha huo mna shaka. Nionavyo mimi, shaka hiyo inastahili kujibiwa kwa makini, kwa maana inagusa mambo mawili mazito: namna tunavyojitegemea katika kazi ndogo ndogo za kila siku, na namna tunavyoaminiana.

Hebu tuitazame ofisi yoyote ya kawaida, iwe Nairobi, Nakuru au Mombasa. Asubuhi huletwa bahasha zilizogandishwa kwa gundi kila upande. Katoni ya karatasi za fotokopi imezungushiwa mkanda wa plastiki usiokatika kwa mkono. Ikifika saa nne, kuna pakiti ya maziwa ya kufunguliwa, na aliyebeba embe au chungwa kutoka nyumbani anatafuta cha kulimenyea. Watu hufanyaje? Mmoja hutumia meno. Mwingine hutumia ufunguo wa nyumba. Wa tatu huazima mkasi wa karani, ambao ni butu na haurudishwi. Wa nne, na huyu ndiye anayenitia hofu zaidi, hutoa droo­ni wembe mtupu, wenye makali pande zote mbili na usio na mpini, akaushika kwa ncha za vidole. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ndiye anayeshtuka akiona kisu cha kukunja kisichozidi urefu wa kidole!

Hata hivyo, sisemi kwamba hofu ya kisu haina msingi. Wananchi wameporwa kwa visu vichochoroni na ndani ya matatu. Aidha, tangu shambulizi la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, na hasa baada ya lile la Westgate mnamo 2013, kukaguliwa langoni kumekuwa sehemu ya maisha yetu. Sheria nayo iko macho. Kifungu cha 88 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia wengine hofu. Kifungu cha 308 ni kikali zaidi: anayepatikana na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alinuia kutenda kosa kubwa la jinai, anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka saba.

Msomaji atagundua kwamba vifungu hivyo vinatazama mazingira na nia. Kwa sababu hiyo, kuchagua kisu cha kwenda nacho ofisini si suala la urembo hata kidogo. Kisu utakachokichagua ndicho shahidi wa kwanza wa nia yako mbele ya bawabu, mbele ya mkubwa wako na mbele ya mwenzako aketiye meza ya pili. Shahidi huyo na awe mpole.

Historia inatufunza hivyo. Mwaka 1902, Wajerumani walianza kutengeneza kisu cha kukunja kilichoitwa Okapi, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika. Kilikuwa kisu cha bei nafuu cha mtu wa kazi. Mnamo 1988 jina hilo lilinunuliwa na Waafrika Kusini, na wao ndio walioendelea kukiunda. Lakini kwa kuwa bapa lake ni refu na lenye ncha kali, na kwa kuwa baadhi ya aina zake hutoa mlio wa kukwaruza zinapofunguliwa, kisu hicho kilipata sifa mbaya huko Afrika Kusini kama silaha ya wahuni. Mkulima anayekitumia kukatia kamba hana hatia yoyote. Hata hivyo, akikifungua mbele ya watu, sifa hiyo humtangulia. Kisu cha namna hiyo hakifai ofisini hata kama mwenyewe ni mcha Mungu.

Sasa linganisha na kile cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake mjini Ibach mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya askari mnamo 1891, na mwaka 1897 akasajili kisu chepesi zaidi kilichoitwa cha maafisa. Kampuni yake, Victorinox, hutengeneza pia kisu kidogo mno chenye urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa. Ndani yake mna bapa dogo, mkasi, tupa ya kucha, kibano na kijiti cha meno. Nani atakayemwogopa mtu anayekata uzi wa kifungo kwa mkasi mdogo kama huo? Asili yake ni ya kijeshi, lakini sura yake ni ya kiraia kabisa.

Mfano wa tatu ni wa Ufaransa. Joseph Opinel, mwana wa mhunzi wa milimani Savoie, alianza kuunda visu vyake mnamo 1890: bapa moja, mpini wa mti, basi. Visu hivyo hupangwa kwa nambari kulingana na ukubwa. Nambari 6 kwenda juu vina pete ya chuma inayozungushwa ili kulizuia bapa lisijikunje, jambo lililoanza mwaka 1955. Vile vidogo havina pete hiyo. Kwa mtu wa ofisini, nambari 5, ambayo bapa lake ni kama sentimita 6, inatosha kumenya tunda na kufungua barua.

Kutokana na mifano hiyo, nina masharti machache ambayo ningependa kumpa anayetaka kununua kisu chake cha kwanza.

Kwanza, bapa lisizidi sentimita 6 au 7. Kazi ya ofisi haihitaji zaidi, na kila sentimita inayoongezeka huongeza maswali. Pili, kisu kifunguliwe kwa mikono miwili, kwa kuingiza ukucha katika mfuo ulio ubavuni mwa bapa. Visu vya jadi vya kukunja havina kizuizi. Vina springi ya chuma mgongoni inayolikandamiza bapa lisilegee, likiwa wazi au limekunjwa. Kile kinachofyatuka kwa kubonyezwa kitufe kiache dukani. Anayefungua kisu polepole kwa mikono miwili hamtishi mtu.

Tatu, tazama chuma chenyewe. Chuma chenye kaboni nyingi hunoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu upesi, na maji ya ndimu au embe hukitia weusi. Anayeishi Mombasa au Lamu, penye hewa ya chumvi, afadhali achague chuma kisichoshika kutu, ambacho huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Anayeishi bara na mwenye subira ya kupangusa kisu chake kila akitumiapo, chuma cha kaboni kitamfurahisha.

Nne, mpini uwe wa mti, wa mfupa au pembe ya ng'ombe, au wa plastiki. Mpini wa pembe za ndovu usiuguse, hata ukiambiwa kwamba ni urithi wa babu wa muuzaji. Taifa hili lilichoma tani 12 za pembe hizo hadharani mnamo Julai 1989 ili kuuonyesha ulimwengu msimamo wake, na mwenye kupatikana nazo bila kibali anavunja sheria.

Tano, jihadhari na bandia zinazotembezwa barabarani. Kabla ya kulipa, kifungue na ukikunje mara tatu. Bapa likicheza kushoto na kulia, au likigusa ubavu wa mpini linapoingia, au springi ikiwa legevu, mrudishie mwenyewe mali yake. Kisu kinachojikunja chenyewe hukata vidole vya anayekishika.

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mimi nitaongeza kwamba mwenye kisu butu ndiye mwenye kidonda, kwa maana makali yakipungua mkono huongeza nguvu, na nguvu ikizidi kisu huteleza. Kinoo kidogo hakina gharama kubwa. Asiye nacho na ageuze kikombe chake cha udongo. Ule ukingo wa chini usiopakwa rangi inayong'aa, ambao hukwaruza kidole ukiugusa, waweza kuyarudisha makali kwa muda.

Lakini hata kisu kizuri kikiwa mikononi mwa asiye na adabu ni balaa. Usikitoe wakati wa mabishano, hata kama ulikuwa ukitaka kumenya ndizi tu. Usikielekeze kwa mtu unapozungumza. Ukiombwa, kikunje kwanza ndipo umpe mwenzako. Ukifika penye ukaguzi, kitaje kabla hakijagunduliwa, na bawabu akisema kibaki langoni, mwachie bila kununa, kwani yeye yuko kazini kama wewe. Mahakamani na kwenye mikutano ya hadhara usiende nacho kabisa. Ukisafiri kwa ndege, kiweke katika mzigo unaokabidhiwa. Ukikiacha mfukoni, utakiaga uwanjani.

Wako watakaosema kwamba ni heri visu vyote vipigwe marufuku maofisini ili tulale salama. Siwaungi mkono. Jambazi haombi ruhusa ya meneja, na kisu cha jikoni cha kukatia mkate, ambacho ni kirefu mara tatu, kitabaki pale pale karibu na birika la chai. Marufuku hiyo itakachofanya ni kumpokonya mwaminifu chombo chake na kumfunza kwamba yeye na mhalifu ni kitu kimoja. Ofisi inayowakabidhi watu fedha, mihuri na siri za wateja, kisha ikashindwa kuwaamini kwa sentimita 6 za chuma, ina ugonjwa mwingine ambao hauponi kwa kukagua mifuko.

Kwa hivyo, chagua kidogo, chagua cha kimya, kinoe, na ukitumie kuwafaa wenzako kuliko unavyojifaa mwenyewe. Ikifika siku ambapo wenzako wanakitafuta kisu chako kila katoni inapoletwa, wala hakuna anayeuliza tena kwa nini unacho, jua kwamba umechagua vyema.