Mwalimu, je, nyota hufa?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi niliyefundisha fizikia kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuja kutambua, tena uzeeni, kwamba ujinga mara nyingine huwa upande wa anayeulizwa. Makala haya ni deni. Ni jibu ninalodaiwa na mwanafunzi wangu tangu mwaka 1987, nami nimekumbushwa deni hilo na mjukuu wangu juu ya paa la jumba moja mtaani Kilimani, jijini Nairobi.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Nilikuwa nimemtembelea binti yangu, anayeishi katika mojawapo ya majumba marefu yaliyochipuka kandokando ya Barabara ya Argwings Kodhek. Wakongwe wenzangu wataikumbuka Kilimani ya nyumba zenye bustani na miti mirefu. Leo orofa zimepandana juu ya orofa, na usiku taa za majumba, za maduka na za magari ya Barabara ya Ngong huligeuza anga likawa na rangi ya chai ya maziwa. Mnamo saa mbili na nusu usiku umeme ulikatika mtaa mzima. Tukatumwa paani, mimi na mjukuu wangu wa miaka tisa, tukaanue nguo zilizosahauliwa kambani.

Mtoto alisimama kati ya tangi za maji, shati lake la shule mkononi, akatazama juu, akanyamaza. Kisha akauliza, "Babu, hizi zote huwa zinakaa wapi siku nyingine?"

Nilimjibu kwamba hukaa papo hapo, ila sisi ndio tunaozifunika kwa taa zetu. Alitafakari kidogo, akauliza tena, "Na huwa zinakufa?"

Moyo wangu ulishtuka. Swali hilo hilo niliwahi kuulizwa mwezi Februari mwaka 1987 na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Alikuwa amesikia redioni kwamba nyota moja imelipuka katika anga la kusini. "Mwalimu, je, nyota hufa?" Nilikuwa na mada ya kumaliza na mtihani ulikuwa njiani. Nilimwambia kwamba hilo halitaulizwa kwenye mtihani. Darasa lilicheka. Kijana aliketi, na kwa kadiri ninavyokumbuka, hakuniuliza tena swali lolote hadi alipomaliza shule.

Waalimu wenzangu, nyota ile iliyolipuka ilikuwa umbali wa miaka-nuru 160,000 hivi, yaani nuru yake ilikuwa imesafiri kwa miaka hiyo yote kabla ya kutufikia. Wanafalaki walikuwa hawajaona mlipuko wa nyota kwa macho matupu tangu mwaka 1604, kabla darubini haijaanza kuelekezwa angani. Hapa kwetu karibu na ikweta tungeweza kuitafuta katika anga la kusini lau ningewatoa wanafunzi wangu nje usiku mmoja tu. Sikuwatoa. Kwa hiyo usiku ule wa Kilimani niliziacha nguo kambani, nikaanza kulipa.

Nilianza kwa kumwonyesha mjukuu wangu nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ambazo wakati huo wa mwaka hukaribia utosi wa Nairobi. Wanafalaki huliita kundi hilo Orioni, na Waarabu huliita Jabari. Upande wa kusini wa nyota hizo tatu, penye giza la kutosha, jicho huona ukungu hafifu. Ukungu huo ni wingu kubwa la gesi na vumbi, umbali wa miaka-nuru 1,350 hivi, na ndimo nyota zinamozaliwa hata sasa. Sehemu ya wingu kama hilo ikiwa nzito kuliko nyingine, huvuta gesi iliyo jirani kwa nguvu za mvutano. Kadiri inavyovuta ndivyo inavyozidi kuwa nzito, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyozidi kuvuta. Gesi hujisonga, na ikijisonga hupata joto. Kitovu kikifikia nyuzi milioni kumi hivi, viini vya haidrojeni huanza kuungana na kuwa heliamu, na muungano huo hutoa nishati. Hapo ndipo nyota huzaliwa.

Kisha nikamgeuza atazame kaskazini, palipo Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizokumbatiana. Jina lenyewe latokana na kulima, kwa kuwa wazee wetu wa pwani walitazama kuzama na kuzuka kwake ili wajue majira ya mvua na ya jua. Kilimia ni watoto wa tumbo moja: nyota zake zilizaliwa katika wingu moja, na umri wake ni kama miaka milioni mia moja. Msomaji atasema kwamba huo ni uzee uliopindukia. La hasha! Jua letu lina miaka bilioni 4.6, na bado limo katika makamo. Kila sekunde Jua huunguza kiasi cha tani milioni 600 za haidrojeni, na kati ya hizo tani milioni nne hivi hugeuka kuwa nishati tupu. Hata hivyo, akiba yake itatosha kwa takriban miaka bilioni tano zaidi.

"Na mzee ni nani?" akauliza mtoto. Nikamwonyesha Betelgeuse, ile nyota yenye wekundu iliyo upande wa kaskazini wa zile tatu. Hiyo ni nyota kubwa mno iliyotumia akiba yake kwa haraka. Katika nyota mambo huenda kinyume cha tunavyodhani: iliyo nzito haidumu, kwa kuwa huunguza nishati yake kwa pupa. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 Betelgeuse ilififia sana, na wengine wakadhani saa yake imewadia. Baadaye ilibainika kwamba ilikuwa imetema gesi iliyopoa ikawa vumbi, na vumbi hilo likatuzibia nuru. Lakini itakufa, na kufa kwake kutakuwa kulipuka kama ile ya mwaka 1987. Jua letu halitalipuka. Litavimba, litapukutisha gesi yake ya nje, kisha kitovu chake kitabaki kama kaa la moto, lenye ukubwa unaokaribia wa Dunia, likipoa polepole.

Naam, nyota hufa. Lakini kifo chake si hasara tupu. Chuma kilicho katika damu yetu, na kalisi iliyo katika chaki tunayoandikia ubaoni, vilifuliwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua letu halijazaliwa. Kila mwalimu anayepangusa vumbi la chaki mikononi anapangusa masalio ya nyota.

Huenda mwanafunzi mwerevu akauliza: haya yote yamejulikanaje, ilhali hakuna aliyewahi kuigusa nyota? Swali hilo ndilo kiini cha sayansi, na ndilo linalotenganisha elimu ya falaki na ramli za wanajimu. Nyota hutuletea ujumbe mmoja tu, nao ni nuru. Nuru hiyo ikipitishwa katika kioo chenye pembe tatu hutawanyika katika rangi zake, na kati ya rangi hizo huonekana mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Kwa kuisoma mistari hiyo wanafalaki hujua nyota ina nini ndani yake, ina joto kiasi gani, na kama inatujia au inatukimbia.

Hapa pana kisa kinachonichoma moyo. Mnamo mwaka 1925 mwanafunzi mmoja aitwaye Cecilia Payne, Mwingereza aliyekuwa akisoma Marekani, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba nyota zimeundwa hasa kwa haidrojeni na heliamu. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba nyota zina vitu vile vile vilivyomo ardhini. Henry Norris Russell, bingwa mkubwa wa siku hizo, alimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani, naye Payne akalazimika kuandika kwamba huenda matokeo yake si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe alifikia matokeo yale yale kwa njia nyingine, akakiri kwamba binti yule alikuwa amesema kweli. Alikuwa na ujasiri wa kukiri. Je, sisi waalimu tumewanyamazisha akina Payne wangapi, tena tusikiri kamwe?

Yapo pia mambo ya nyumbani ambayo sikuyafundisha. Nuru tunayoiona kwa macho ni sehemu ndogo tu ya nuru yote. Nyota zilizokufa aghalabu husema kwa eksirei, na eksirei kutoka angani haifiki ardhini kwa kuwa hewa yetu huimeza. Anayetaka kuipima sharti apande juu ya hewa. Na mahali ambapo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee ilirushwa ni hapa Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, roketi ilipaa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu ya ikweta: hapo mzunguko wa Dunia huisaidia roketi kwa kuipa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi huo katika shirika la NASA la Marekani, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili. Iliitwa Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha ya mwisho ya ugunduzi wake ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ilibaini kwamba chanzo kimoja, Centaurus X-3, hudunda kila baada ya sekunde 4.8. Hiyo ilikuwa nyota ya nyutroni, mzoga wa nyota uliojisonga hadi uzito unaozidi wa Jua ukatoshea katika upana wa kilomita 20 hivi, yaani ungeingia ndani ya jiji la Nairobi. Iliona pia kwamba eksirei za Cygnus X-1 hubadilika kwa kasi ya ajabu. Wanafalaki wa Uingereza na Kanada walipochunguza hapo kwa darubini za kawaida, waliona nyota kubwa ikimzunguka mwenzi mzito asiyeonekana. Huyo ndiye aliyekuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi la kwanza kupata kujulikana, mahali ambapo mvutano ni mkali hata nuru haiponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Fikiria, msomaji! Jina la Kiswahili limo katika historia ya kifo cha nyota, lakini ni wanafunzi wangapi wa Kilimani, au wa Malindi kwenyewe, wanaolijua? Tulitoa bahari na jina. Elimu yenyewe tuliiacha ipite juu ya vichwa vyetu.

Sisemi kwamba hakuna kinachofanyika. Chuo Kikuu cha Nairobi kilituma setilaiti ndogo angani mwaka 2018, na Taifa-1 ikafuata Aprili 2023. Susan Murabana na mumewe wamekuwa wakizunguka na darubini mashuleni ili watoto watazame wenyewe. Hayo ni mema. Lakini watu wawili na darubini zao hawawezi kuifikia kila shule, ilhali kila shule ina mwalimu na kila mwalimu ana anga.

Ombi langu kwa waalimu ni dogo, wala halihitaji fedha. Mtaala wa sasa unasisitiza umilisi, yaani mwanafunzi atende, si akariri tu. Basi mara moja kwa muhula, shule za bweni zizime taa za uwanjani kwa nusu saa, wanafunzi watoke nje wakiwa na kalamu na karatasi, waichore Kilimia na zile nyota tatu. Muhula unaofuata warudie saa ile ile, waone zilivyosogea. Watakuwa wamefanya kazi ya mwanafalaki. Na kwenu wanafunzi: mwalimu akikwambia kwamba jambo fulani halimo katika mtihani, liandike daftarini. Huenda ndilo litakalokufaa maishani.

Usiku ule paani hatukupewa muda mwingi. Jenereta za majumba jirani zilianza kunguruma moja baada ya nyingine, kisha umeme ukarudi, na anga likawa tena na rangi ya chai. Mjukuu wangu aliendelea kutazama mahali ilipokuwa Betelgeuse.

"Bado ipo, Babu?"

"Bado ipo," nikamwambia, kisha nikajirekebisha, kwa kuwa nimejifunza kutojibu kwa haraka. "Nuru tuliyoiona iliondoka huko mamia ya miaka iliyopita. Kama imekufa jana, wewe na mimi hatuwezi kujua."

Aliniangalia kwa muda, halafu akauliza swali jingine. Sikulijua jibu lake. Nilimwambia hivyo, tukaanua nguo, tukashuka kwenda kulitafuta.