Mwanguko unaopimwa kwa sikio

Mwalimu wa fizikia mjini Baraka akiandika ubaoni kwamba kitu kinachoanguka huongeza mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, darasa zima litanakili. Kazi huanza mmoja akitaka kuona. Jiwe likiachiwa kutoka kimo cha mita 2 hutua baada ya sekunde 0.64 hivi, na jicho halijapata hata nafasi ya kulifuata.

Wengi hukimbilia saa ya simu. Siipendi. Kidole huweza kukosea kwa sekunde 0.2, kwa kuwahi au kwa kuchelewa, na kosa hilo hugeuza 9.8 kuwa 5.7 au zaidi ya 20. Mwanafunzi makini ataamua kitabu kinadanganya.

Galileo, katika kitabu chake cha 1638, alieleza alivyoviringisha mpira kwenye ubao ulioinama ili apunguze mwendo, akapima muda kwa maji yanayotiririka. Shule isiyo na maabara ina njia fupi zaidi. Omba nati tano kuukuu kwa fundi wa pikipiki. Funga moja kwenye ncha ya kamba, nyingine sentimita 10, 40, 90 na 160 kutoka hiyo ya kwanza. Mtu apande juu ya meza, aining'inize kamba hadi nati ya chini iguse bati lililolazwa sakafuni, kisha aiachie.

Bati litalia mara nne, kwa mapigo yaliyo sawa. Andaa pia kamba ya pili, yenye nati kila sentimita 40: hiyo mapigo yake hukimbizana, la mwisho likikaribia kumeza la kabla yake. Kabla ya kuachia, waulize wanafunzi ni ipi italia sawasawa. Wengi huchagua ya pili, na ubishi unaofuata una faida kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Muda ukiwa mara mbili, umbali huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, mara tisa. Watoto waliozoea ngoma hawahitaji saa kulitambua hilo.

Sasa simu ina kazi: irekodi sauti. Chukua muda kati ya pigo la kwanza na la nne, ugawe kwa 3. Utapata karibu sekunde 0.143. Gawa mita 0.2, yaani mara mbili ya zile sentimita 10 za kwanza, kwa mraba wa muda huo, jibu ni 9.78. Hicho hasa ndicho kiwango cha Baraka, mji ulio karibu na ikweta, kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya Kifaransa huandika 9.81, ambayo ni ya Paris. Lakini nati haziwezi kuthibitisha tofauti hiyo: kosa la sekunde 0.001 kwenye muda huo kati ya pigo na pigo hubadilisha jibu kwa zaidi ya 0.1. Kundi lililopata 9.6 na lililopata 9.9 yote yapewe alama kamili.