Vatikani: Dola Moja, Majina Mawili

Mkataba wa Lateran wa mwaka 1929, baina ya Italia na Kiti Kitakatifu, ndio uliozaa Vatikani, dola ya hekta 44 tu ambamo Papa ndiye mwenye mamlaka yote ya kutunga sheria, kutawala na kuhukumu. Adhabu ya kifo ilifutwa huko mwaka 1969.

Mwaka 1990 Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa juu ya Kanisa zima, kiliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto. Lakini kilipohojiwa na kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 2014 kuhusu mapadri walionajisi watoto, kilishikilia kwamba wajibu wake unaishia mipakani mwa Vatikani.

Ndugu msomaji, jina kubwa lilitia sahihi, jina dogo likajibu mashtaka. Je, mtoto aliyedhulumiwa nje ya kuta hizo amlilie nani?