Hewa ya Wodi Huamuliwa Kwenye Mchoro

Mwaka 2006 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa ya kutisha kutoka Tugela Ferry, mji mdogo wa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu kisichosikia karibu dawa zote zilizokuwapo. Walifariki 52. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wamewahi kutumia dawa za kifua kikuu maishani, kwa hiyo usugu ule haukuzaliwa ndani ya miili yao. Waliambukizwa vimelea ambavyo tayari vilikuwa sugu. Na theluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini katika miaka miwili iliyotangulia.

Mtu anakwenda hospitali kutafuta uzima, anarudi nyumbani na ugonjwa ambao hakwenda nao. Lawama ya jambo hili huelekezwa upesi kwa dawa, wauguzi au uchafu. Jengo lenyewe huulizwa mara chache.

Vimelea vya kifua kikuu husafiri ndani ya chembe ndogo mno zinazotoka kwa anayekohoa, na chembe hizo huelea hewani kwa saa kadhaa. Kupiga deki hakuziondoi. Zinaondoka kwa kutolewa nje pamoja na hewa iliyozibeba, kwa kunaswa na vichujio, au kwa kuuawa na mionzi ya urujuanimno. Ndiyo maana viwango vya ujenzi wa hospitali hutaja idadi ya mara ambazo hewa ya chumba inapaswa kubadilishwa kwa saa. Kwa vyumba vya kuwatenga wenye magonjwa ya hewa, kiwango kinachotumika sana ni mara 12. Kwa mzunguko huo, asilimia 99 ya chembe huondoka ndani ya dakika 23 hivi. Hewa ikibadilika mara mbili tu kwa saa, kazi hiyohiyo huchukua dakika 138, na muda huo wote mgonjwa wa kitanda cha jirani anaendelea kuvuta pumzi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa uingizaji hewa wa asili mwaka 2009, likataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida na sehemu za wagonjwa wa nje. Chukua chumba cha vitanda vinne chenye mita nne kwa sita, na dari la mita tatu. Ujazo wake ni mita za ujazo 72. Wagonjwa wanne wanahitaji lita 240 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 864 kwa saa. Gawa kwa 72, unapata 12. Ongeza kitanda cha tano, kama inavyotokea kila siku katika hospitali zetu, na hesabu inavunjika.

Je, hewa hiyo inahitaji mitambo ya bei kali? Watafiti waliopima vyumba vya hospitali nane za Lima, Peru, wakachapisha matokeo mwaka 2007, walikuta kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa mara 28 kwa saa, zaidi ya maradufu ya kile kiwango cha mara 12. Majengo ya zamani, yenye madari marefu na madirisha mapana, yalifikia mara 40. Ya kisasa yaliishia mara 17. Anayeipita Ocean Road jijini Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ataona busara hiyohiyo katika mabaraza yake yanayotazama bahari.

Mfano bora wa siku hizi uko Rwanda. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, ilifunguliwa mwaka 2011 na Wizara ya Afya pamoja na shirika la Partners In Health, kwa mchoro wa MASS Design Group. Wasanifu waliondoa korido za ndani, kwa kuwa ndiko watu ambao bado hawajapimwa husongamana wakisubiri. Njia za kupita na mahali pa kusubiri vikawekwa nje. Wodi zina madari ya juu, madirisha pande zote mbili, mapangaboi makubwa yanayozunguka polepole na taa za urujuanimno karibu na dari. Vichwa vya vitanda vimeegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, hivyo mgonjwa anatazama dirisha na milima badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Kuta ni za mawe ya volkeno ya hukohuko, yaliyochongwa na mafundi wa hukohuko.

Njia hii ina mipaka yake. Upepo hutulia, usiku wa baridi watu hufunga madirisha, wavu wa mbu hupunguza hewa inayopita. Chumba cha upasuaji hakiwezi kutegemea upepo kabisa. Kinahitaji hewa iliyochujwa. Lakini kinachosikitisha zaidi ni pale tunapojiharibia wenyewe. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu ya upana wake, nalo limeenea kila mahali. Kiyoyozi cha ukutani, kinachofungwa kwa nia njema, kwa kawaida hupoza na kuzungusha hewa ileile ya chumbani. Kikishawashwa, madirisha yanafungwa.

Wanakijiji wengi hujitolea mchanga, mawe na nguvu zao kujenga zahanati. Ukiwa kwenye kamati ya ujenzi, omba mchoro kabla msingi haujachimbwa, umuulize mhandisi mambo matatu: upepo wa hapa huvuma kutoka wapi, dirisha linafunguka kwa kiasi gani, na wagonjwa watasubiri wapi. Asipokuwa na majibu, usikubali kazi ianze.